Trakoma Dodoma: Uso safi wa mwanafunzi unavyookoa macho ya familia nzima

KATIKA nyanda za kati za Tanzania, maji hupangiwa kazi kabla hayajafika nyumbani. Kwanza ni ya kunywa, kisha ya kupikia, kisha ya mifugo. Uso wa mtoto huja mwisho, na siku nyingi zamu yake haifiki.

Wataalamu wa afya ya macho wanaeleza kuwa hapo ndipo inapoanza safari ya ugonjwa wa trakoma, ambao wananchi wengi wanaufahamu kwa jina la vikope. Ugonjwa huo hauui, na mara nyingi haumlazi mtoto kitandani. Huja na macho mekundu, tongotongo na muwasho, huku mwanafunzi akiendelea kwenda shule kama kawaida.

Madhara yake makubwa hujitokeza miaka mingi baadaye, pale mtu mzima, ambaye mara nyingi ni mwanamke, anapoanza kupoteza nuru ya macho. Nuru hiyo ikishapotea kwa sababu ya trakoma, kwa kawaida hairudi.

Trakoma ndiyo inayoongoza duniani miongoni mwa magonjwa ya kuambukiza yanayosababisha upofu. Mkoa wa Dodoma una nafasi ya pekee katika historia ya ugonjwa huo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maarifa ambayo dunia inayatumia leo kuudhibiti ilipatikana katika vijiji vya Wilaya ya Kongwa, mashariki mwa mkoa.

Kwa sababu hiyo, afya ya mwanafunzi wa Dodoma, awe anasoma kijijini Kongwa au katika kata ya mjini kama Kizota, haiwezi kuzungumzwa bila kuanza na uso wake.

Trakoma ni nini?

Trakoma husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Bakteria huyo hushambulia utando laini ulio upande wa ndani wa kope la juu. Daktari anapoligeuza kope hilo huona vipele vidogo vyeupe juu ya utando uliovimba na kuwa mwekundu.

Mtoto akiambukizwa mara moja anaweza kupona bila kubaki na alama. Hatari iko katika kuambukizwa tena na tena. Kila maambukizi mapya huacha kovu dogo ndani ya kope, na makovu hayo yakiongezeka huvuta ukingo wa kope kuelekea ndani. Hatimaye nywele za kope hugeuka na kuanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa macho.

Mkwaruzo huo huleta maumivu makali, vidonda, na mwishowe baka jeupe linaloziba mwanga. Mgonjwa aliyefikia hatua hiyo hupata shida ya kwenda shambani, kuteka maji, hata kukaa karibu na moto wa kupikia, kwa sababu ya moshi na mwanga.

Vijidudu vya trakoma hutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni mikono na vidole vinavyogusa macho na pua. Ya pili ni nguo, yaani kanga, taulo au upindo wa shuka unaotumika kufuta nyuso za watoto zaidi ya mmoja. Ya tatu ni nzi wanaotua machoni na kufyonza majimaji, kisha kuruka hadi kwa mtoto mwingine.

Watoto wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na mitano ndio huwa na maambukizi mengi zaidi. Mama na wasichana wanaowalea hufuata, kwa kuwa wao ndio wanaowabeba, wanaolala nao na wanaowafuta nyuso. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa wanawake hupofuka kutokana na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume.

Kwa nini Dodoma?

Mji wa Dodoma hupata wastani wa mvua usiofikia milimita 600 kwa mwaka, na karibu mvua yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya kiangazi, upepo na vumbi. Visima vifupi hukauka, na wanawake pamoja na watoto hulazimika kwenda mbali zaidi kutafuta maji.

Ukame huo si jambo geni. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa kilimo cha karanga. Mradi huo uliachwa mwaka 1951 baada ya kushindwa, na uhaba wa mvua pamoja na udongo mgumu vilikuwa miongoni mwa sababu zake.

Aidha, wakazi wengi wa vijiji vya mkoa huo, hususan Wagogo, ni wakulima wanaofuga pia ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mifugo ni akiba na heshima ya kaya. Hata hivyo, zizi likiwa jirani na nyumba, samadi na mabaki huvuta nzi, na nzi hao hao hutafuta unyevu kwenye nyuso za watoto.

Hata hivyo, nzi anayehusishwa zaidi na trakoma hupenda kutaga mayai katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi ardhini. Utafiti uliofanyika nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa kujenga vyoo vya shimo peke yake kulipunguza kwa takriban asilimia 30 nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Choo cha shule, kwa hiyo, ni sehemu ya kinga ya macho kama ilivyo kinga ya tumbo.

Somo kutoka Kongwa

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Tanzania kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walianza kuchunguza trakoma katika vijiji vya Kongwa. Miongoni mwao alikuwa Profesa Sheila West, ambaye aliendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Katika vijiji vingi walikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wakiwa na dalili za ugonjwa huo.

Swali lao la awali lilihusu maji. Ilidhaniwa kuwa familia zinazoleta maji mengi nyumbani zingekuwa na watoto wenye macho salama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha jambo tofauti kidogo. Familia zilizokuwa mbali na chanzo cha maji zilikuwa na trakoma zaidi, lakini kiasi cha maji kilichofika nyumbani hakikuonyesha uhusiano wa namna hiyo.

Maana yake ni kwamba jambo la kuamua ni matumizi ya maji hayo. Familia mbili zinaweza kuwa na ndoo moja moja, nyingine ikatenga kikombe kwa ajili ya nyuso za watoto na nyingine isitenge.

Wazazi wengi waliamini kuwa kumnawisha mtoto uso ni kupoteza maji mengi. Imani hiyo haikuwa sahihi. Lita moja ikimiminwa kidogo kidogo kiganjani hutosha kunawisha nyuso za watoto wengi. Kinachohitajika ni uamuzi wa kaya kuwa maji hayo yana haki ya kutengwa, na katika familia nyingi uamuzi huo haumhusu mama peke yake. Baba naye anapaswa kukubali.

Jaribio lililofuata lilihusisha vijiji sita vya Kongwa na watoto wenye umri wa mwaka mmoja hadi saba. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Vitatu kati yake vilifanyiwa pia kampeni ya kunawa uso, iliyowashirikisha wananchi wenyewe katika kujadili tatizo na kupanga namna ya kulitatua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la tiba la The Lancet. Watoto wa vijiji vya kampeni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 60, wa kukutwa na nyuso safi katika ziara mbili au zaidi za ufuatiliaji. Trakoma kali ilipungua katika vijiji hivyo, na nafuu kubwa zaidi ilionekana kwa watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi.

Neno la kuzingatia hapo ni kudumu. Uso ulionawishwa siku ya ukaguzi tu haukuwa na faida hiyo.

Mkakati wa nguzo nne

Maarifa hayo, pamoja na yale ya nchi nyingine, yalichangia mkakati wa WHO unaojulikana kwa jina la SAFE. Mkakati huo una nguzo nne: upasuaji wa kope zilizogeukia ndani, dawa za kuua bakteria, usafi wa uso, na uboreshaji wa mazingira kwa maji na vyoo.

Mwaka 1998 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kutokomeza upofu unaotokana na trakoma. Lengo la awali lilikuwa mwaka 2020, na baadaye likasogezwa hadi 2030. Nchi huhesabiwa kuwa imefikia lengo pale dalili za ugonjwa zinapokuwa chini ya asilimia 5 kwa watoto wa mwaka mmoja hadi tisa katika kila wilaya iliyokuwa na tatizo, na kope zilizogeuka ambazo mfumo wa afya haujazifikia zinapokuwa chini ya asilimia 0.2 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za kwanza kunufaika na mpango wa kimataifa wa kugawa bure dawa ya azithromaisini, ulioanzishwa mwaka 1998. Ugawaji nchini ulianza mwaka 1999. Watu wazima na watoto wakubwa hupewa vidonge, wadogo hupewa dawa ya maji, na watoto wachanga wasiofikisha miezi sita hupakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni. Kipimo cha dawa kwa mtoto hukadiriwa kwa urefu wake, jambo linalorahisisha kazi mahali pasipo na mizani.

Dawa ile ile, matokeo tofauti

Mifano miwili ya hapa nchini inaonyesha uwezo wa dawa hiyo na mipaka yake.

Katika kitongoji cha Kahe Mpya, wilayani Rombo, mkoani Kilimanjaro, karibu wakazi wote walipewa dawa. Kwa mujibu wa ripoti iliyochapishwa mwaka 2004, maambukizi yalishuka kutoka asilimia 9.5 kabla ya dawa hadi asilimia 0.1 baada ya miezi 24.

Katika kijiji cha Maindi, Kongwa, hali ilikuwa nyingine. Kabla ya dawa, zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa na maambukizi. Baada ya dawa, maambukizi yaliteremka kwa kiasi kikubwa ndani ya miezi miwili, lakini baadaye yakaanza kupanda tena, kama ilivyoripotiwa mwaka 2005.

Tofauti hiyo inafundisha kuwa mahali penye maambukizi mengi, dozi moja haitoshi. Dawa hupaswa kurudiwa kila mwaka kwa miaka kadhaa na kumfikia kila mtu. Mtoto mmoja aliyekosa dawa kwa sababu alikuwa machungani siku ya ugawaji anaweza kuurudisha ugonjwa kwa wadogo zake.

Aidha, si sahihi kudhani kuwa maji na elimu peke yake vitamaliza kazi. Jaribio kubwa lililofanyika Ethiopia, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, lilionyesha kuwa kujenga vituo vya maji na kufundisha usafi kwa miaka mitatu hakukupunguza maambukizi ya macho katika jamii zilizoshiriki. Hivyo basi, nguzo nne zinategemeana. Dawa hupunguza vijidudu vilivyopo, na usafi husaidia kuvizuia visirudi.

Nafasi ya shule

Kama watoto wanaougua zaidi ni wale ambao hawajafikia umri wa kuanza shule, shule inaingiaje?

Jibu liko katika mpangilio wa familia zenyewe. Katika kaya nyingi za Dodoma, mtoto wa darasa la tatu au la nne ndiye mlezi wa mdogo wake mama anapokuwa shambani au kisimani. Yeye ndiye anayembeba mgongoni, anayemlisha na anayemfuta kamasi. Mwanafunzi aliyezoea kunawa uso shuleni huipeleka tabia hiyo kwa mdogo wake bila kusubiri semina.

Shule pia ni mahali pekee ambapo watoto wengi hukusanyika karibu kila siku mbele ya mtu mzima aliyefunzwa. Mwalimu wa zamu anayekagua kucha na sare kwenye mstari wa asubuhi anaweza kukagua nyuso kwa muda ule ule. Tongotongo, kamasi zilizokauka na nzi usoni ni alama zinazoonekana bila kifaa chochote.

Ni muhimu ukaguzi huo usigeuke adhabu. Mtoto akichapwa au kurudishwa nyumbani kwa sababu ya uso mchafu, hukosa masomo na huenda asirudi kesho yake. Njia bora ni kumpeleka mahali pa kunawia, anawe, kisha aingie darasani.

Mahali hapo hapahitaji gharama kubwa. Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu la lita tano au kumi lililotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa kwenye mti wa kulalia juu ya nguzo mbili. Kamba hufungwa kwenye shingo ya dumu na upande wa pili kwenye kijiti cha kukanyaga. Mwanafunzi akikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika. Akiondoa mguu, hukoma. Sabuni hutundikwa pembeni ndani ya wavu au kipande cha chandarua.

Faida yake ni mbili. Maji hutoka kidogo kidogo, na mikono michafu haigusi chombo. Chini ya dumu huwekwa changarawe ili pasitokee tope linalovutia nzi na mbu.

Lililo gumu ni kulijaza dumu hilo kila siku. Shule nyingi zilizotengeneza vibuyu chirizi kwa shangwe ziliviacha vikavu baada ya wiki chache kwa kukosa mtu wa kuvisimamia. Zamu ya darasa, kiranja wa afya na mwalimu mmoja mwenye jukumu hilo ni mambo yenye thamani kuliko dumu lenyewe.

Kizota na shule za mjini

Kizota ni mojawapo ya kata za Jiji la Dodoma, upande wa magharibi wa mji. Jina lake linajulikana nchini kwa maghala ya hifadhi ya taifa ya chakula, kwa viwanda, na kwa ukumbi uliotumiwa na Chama Cha Mapinduzi kwa mikutano yake mikuu.

Trakoma ni ugonjwa wa vijijini zaidi kuliko mjini, na mtoto wa Kizota yuko katika hatari ndogo kuliko mwenzake wa kijiji cha wafugaji. Lakini Dodoma ni mji usio na ukuta. Familia nyingi zina shamba na ndugu vijijini, na watoto huenda na kurudi wakati wa likizo na msimu wa kilimo. Mtoto aliyehamishiwa mjini huja na begi lake la daftari na huja pia na afya aliyotoka nayo kijijini.

Zaidi ya hayo, mji wenyewe umekua kwa kasi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika iliyokuwa manispaa. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179.

Maji hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, vimekuwa tegemeo la Dodoma kwa miongo mingi, na mgao umekuwa sehemu ya maisha ya wakazi. Shule ya mjini inaweza kuwa na bomba na bado ikakosa maji siku ya mgao. Kwa shule ya namna hiyo, tangi la kuhifadhi maji na mifereji ya kuvuna maji ya mvua kwenye mabati ni vitu vya lazima kama yalivyo madawati.

Idadi ya wanafunzi nayo iliongezeka nchi nzima baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Watoto wengi waliokuwa nyumbani walipata nafasi ya kusoma, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini vyoo na mabomba vilivyojengwa kwa ajili ya mamia vilianza kutumiwa na wengi zaidi.

Mwongozo wa kitaifa unataka tundu moja la choo kwa kila wasichana 20 na tundu moja kwa kila wavulana 25. Kamati ya shule inaweza kuupima upungufu wake yenyewe, kwa kugawa idadi ya wanafunzi kwa idadi ya matundu yanayofanya kazi. Hesabu hiyo ifanywe kwa wasichana peke yao, kwa kuwa msichana aliyevunja ungo akikosa choo chenye mlango na maji, hukosa siku za masomo kila mwezi.

Maji yale yale, faida nyingi

Maji yanayonawisha uso ndiyo yanayonawa mikono kabla ya uji wa saa nne. Shule inayojipanga kwa ajili ya trakoma, kwa hiyo, hujikinga pia na kuhara, kipindupindu na minyoo ya tumbo.

Katika maeneo yenye minyoo na kichocho, wanafunzi hupewa shuleni dawa za albendazo na prazikwanteli. Wazazi wanakumbushwa kuwa prazikwanteli hunywewa baada ya kula. Mtoto akiinywa akiwa na njaa anaweza kupata kizunguzungu au kutapika, na mara nyingi hilo ndilo chanzo cha uvumi kuwa dawa hizo ni sumu.

Macho yana adui mwingine, nao ni surua pamoja na upungufu wa vitamini A. Hospitali ya Mvumi, iliyoko Wilaya ya Chamwino, inajulikana kwa huduma zake za macho. Dk. Allen Foster, daktari wa macho kutoka Uingereza, alifanya kazi hapo katika miaka ya 1970 na 1980. Utafiti alioushiriki kuhusu watoto wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye vidonda kwenye kioo cha jicho walikuwa wametoka kuugua surua. Dawa za kienyeji zilizotiwa machoni nazo zilitajwa miongoni mwa visababishi.

Kinga yake inafahamika: chanjo ya surua, matone ya vitamini A, na chakula chenye mboga za majani kama mlenda na mchicha, pamoja na boga, maembe na maziwa. Bustani ndogo ya shule inayomwagiliwa kwa maji yaliyokwisha kunawiwa inaweza kutoa sehemu ya mboga hizo.

Shule pia hutumika kutoa chanjo ya kuwakinga wasichana dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa kuwa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14.

Mambo ya kuzingatia

Wataalamu wanashauri wazazi, walezi na walimu kuzingatia yafuatayo:

Mtoto anawe uso angalau asubuhi na jioni, kwa maji yanayomiminika na kwa sabuni inapopatikana. Uso safi ni ule usio na tongotongo wala kamasi.

Kila mtoto awe na kitambaa chake. Kanga ya mama isitumike kufuta macho ya watoto wote.

Mtoto mwenye macho mekundu yanayotoa uchafu apelekwe kituo cha afya. Asitiwe machoni maziwa, majani, mkojo wala dawa iliyobaki ya mgonjwa mwingine.

Siku ya ugawaji wa dawa ya trakoma, kila mtu katika kaya ajitokeze, wakiwemo wachungaji na wageni, hata kama macho yao hayaumi.

Mwanafunzi aulizwe pia juu ya mama na bibi yake. Mtu mzima anayetokwa machozi kila mara, anayekwepa mwanga, au anayeng'oa kope kwa kibano, huenda kope zake zimegeukia ndani. Kung'oa hutuliza maumivu kwa muda tu, kwa kuwa nywele huota tena. Upasuaji wa kope ni mfupi, hufanywa kwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hauwezi kurudisha nuru iliyokwisha kupotea, lakini huokoa iliyobaki, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama.

Inawezekana

Kutokomeza trakoma si ndoto. Morocco, iliyoanza kugawa azithromaisini katika kipindi kimoja na Tanzania, ilithibitishwa na WHO mwaka 2016 kuwa imeumaliza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya jamii. Ghana ilifuata mwaka 2018. Malawi, jirani wa Tanzania upande wa kusini, ilithibitishwa mwaka 2022.

Nchi hizo zilitumia dawa zile zile ambazo Tanzania inazo, na zilifanya upasuaji ule ule. Vijiji vya Kongwa vilitoa ushahidi mapema kwamba uso wa mtoto ukidumu kuwa safi, trakoma kali hupungua. Kinachobaki kwa shule za Dodoma ni kulitekeleza somo hilo asubuhi baada ya asubuhi, hata siku ambayo hakuna mgeni wala mkaguzi anayetazamiwa.

Mwanafunzi wa darasa la kwanza anayenawa uso leo kwenye kibuyu chirizi hatajua kamwe ni upofu gani aliouepuka. Mdogo wake aliyebaki nyumbani hatajua pia. Lakini baada ya miaka 30 watakuwa wanaona, na watawasomea watoto wao wenyewe.